Sikio la Njeru

Wachuka, acha hiyo sufuria ikae, haitakimbia. Keti hapa karibu na miguu yangu. Hiram, ondoka mlangoni, unanizibia mwanga, na mimi sizoei kusema na mgongo wa mtu hata kama nimemzaa. Na wewe Kimutai, mwana wa Chepkurui, usijibanze huko kwenye magunia kama mgeni, kuja upande huu. Nitasema Kiswahili, si kwamba nimesahau Kigikuyu changu, ni kwa sababu maneno ya leo yanamhusu Kimutai na mama yake, na sitaki mtu aje kumtafsiria kesho akiongeza chumvi anapopenda. Wako watakaosema mwanamke haachi wosia. Waseme wakishanizika. Waithaka baba yenu alikufa ndani ya waya wa kambi pale Nakuru, mimi Wariara nikabaki, na aliyebaki ndiye anayejua vitu viko wapi.

Vya nyumba ni vichache na sitaki mvigombanie. Jembe na panga ni vya Hiram. Injili yangu, ile niliyojifunzia kusoma mwenyewe nikichuma pareto, herufi kwa herufi, mpaka nyapara akadhani nimeanza kuongea na maua, hiyo ni ya Wachuka. Na Wachuka, vile viazi unavyoficha chini ya mto wako navijua. Mwanzoni nilifikiri ni panya. Kisha nikakumbuka ulikuwa mdogo kiasi gani tulipolazimishwa kuchimba mtaro kule risavu, ile hifadhi ya Wagikuyu, kwenye nchi waliyoiita kwetu na hakuna aliyetujua, jioni tunagawana kiazi kimoja na maji yake. Sikukemei. Ila ukiolewa, mwambie mume wako mapema, asije akadhani unamnyima.

Sasa nipeni nafasi nivute pumzi, maana hili la pili ndilo lililoniweka hai wiki hii.

Asubuhi lile lori la serikali la kutuhamisha lilipokuja shambani kwa Macho Manne, huyu mzungu wetu wa Njoro mwenye miwani, tuliambiwa kila Mgikuyu apande na anachoweza kubeba kichwani. Ng'ombe kama Njeru wetu habebwi kichwani, hilo hata wao walilijua. Baba yenu akiwa tayari juu ya lori, askari wakimsukuma, akamwona Kiprugut, baba yake Kimutai, amesimama kwenye ua, akamwita: "Mshike Njeru." Kiprugut akajibu: "Nimemshika." Hayo tu. Na hayo yalitosha, kwa sababu kwa Wakipsigis kama kwetu, ng'ombe huwekwa kwa rafiki, naye akamue na kunywa na kumtunza, halafu siku ya kurudisha apewe mtamba mmoja kwa jasho lake.

Hatujafika hata barabara kubwa, Kiprugut akasikia kwamba askari wanapita boma kwa boma kutafuta mifugo iliyoachwa na Wagikuyu wakaiuze. Hawakuuliza mtu, walikuwa wanashika masikio, kwa maana hapa kila mtu anajua sikio la ng'ombe wa jirani. Njeru alikuwa na mpasuo wetu kwenye ncha ya sikio la kushoto. Kiprugut akachukua kisu, akaikata ncha yote pamoja na alama yetu, akatia pengo la ukoo wake, akapaka jivu, akamfukuza hadi kule juu kwenye msitu mpaka kidonda kikauke. Walipomkuta na Njeru akawaambia ni wake, wakamlaza chini wakampiga kwa kitako cha bunduki, akasema bado ni wake.

Lakini sikieni kilichomla zaidi ya kile kipigo. Kwa watu wake, anayekata sikio la ng'ombe aliyewekewa hana jina lingine ila mwizi, tena mwizi wa rafiki. Wazee wenzake wakaacha kumwita kwenye pombe. Angefungua mdomo mara moja angesafishwa, lakini nyapara alikuwa na masikio katika kila kikao, na neno lile lingemfikia Macho Manne na Njeru angeondoka. Kwa hiyo Kiprugut akanyamaza, akanywa maji nyumbani kwake. Niliporudi huku nikamkuta ameisha, anakohoa, akanieleza mwenyewe na akanitolea Njeru palepale. Mimi nikamwambia, kaa naye mpaka Hiram atoke kambini walikomfunga. Akafa akiwa naye. Akafa na lile jina.

Na mtoto wake huyu, mmewahi kumtazama akitoka dukani? Anafungua viganja vyote viwili kwa mwenye duka, hata kabla ya kuulizwa. Mtu mzima. Amekua akiitwa mtoto wa mwizi, mikono yake imejifunza kujitetea yenyewe.

Hiram, usitazame chini. Ulitoka kambini ukapita joshoni, ng'ombe wakiogeshwa, kabla ya kufika kwangu, ukamwona Njeru, ukamshika sikio, na mbele ya watu wote ukamwambia Chepkurui: "Mume wako alikula na baba yangu sahani moja, alipomaliza sahani akamla baba." Watu walicheka. Kesho yake Chepkurui alimleta Njeru na mtamba wake, akawafunga kwenye nguzo pale nje, akaenda zake bila hata kuomba kile kilichokuwa haki yake. Nilipokueleza ukweli wa lile sikio ukaniambia, "Mama, hawa wamekuzunguka." Nikakurushia mwiko. Sijutii kurusha, najutia kukukosa.

Nilikukasirikia siku nyingi, unanijua. Halafu ukaniambia habari ya yule mtu kambini aliyekuwa akikuletea kikombe chake cha uji ulipokuwa na homa, na ndiye aliyekwenda kukutaja kwa askari. Tangu siku hiyo hujapokea chakula kwa mkono wowote nje ya nyumba hii. Chepkurui analeta kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando, kila siku kwa ajili ya ugonjwa wangu, wote tunakunywa, wewe unatoka nje kukata kuni ambazo hatuzihitaji. Sikulaumu, mwanangu. Kama ningekuwa mimi, na hasira hizi zangu, ningetoka mle nikiwa mbaya kuliko wewe. Lakini waliokufundisha kuogopa kikombe ni wale wale waliomlaza Kiprugut chini. Usiwafanyie kazi yao, wewe hawakulipi.

Kwa hiyo andikeni moyoni. Njeru ni wa Hiram. Mtamba ni wa Kimutai. Na Hiram ndiye atakayempeleka, mwenyewe, mchana, siku ya josho, apitie mbele ya watu wale wale, na aseme lile sikio lilikatwa na nani na kwa nini. Sauti ile uliyotusi nayo, hiyo hiyo. Kimutai, akimaliza kusema usimchokoze, na mikono yako uiweke mfukoni. Njeru asikatwe alama nyingine. Atakayeuliza habari ya sikio lake, aelezwe.

Mnizike karibu na ua. Msiniletee jeneza la mbao nzuri, hizo mbao zifanyieni mlango, huu unapitisha baridi.

Nimechoka sasa. Nyosheni mikono niwatemee mate ya baraka, kama mama yangu alivyonitemea... Hapana. Ngojeni. Kinywa kimekauka. Sina mate. Hata hayo yameisha.

Huyo ni nani anapiga hodi? Ni Chepkurui. Najua miguu yake.

Karibu, dada. Hapana, hicho kibuyu usinipe mimi. Mpe huyo.

Hiram. Kuni zipo za kutosha. Kaa hapo hapo. Mikono miwili, pokea kama ulivyolelewa. Usinitazame mimi, mtazame yeye. Umwambie nini? Sijui. Kunywa kwanza, maneno yatakuja.

...Ni kichungu kidogo, ee? Ni ule mkaa wanaosugulia ndani ya kibuyu. Ukishazoea utautafuta.

Sasa nipe. Pale pale ulipoweka mdomo wako. Kidogo... kidogo tu, nilowanishe ulimi.

Leteni mikono. Yote. Na wako, Kimutai, fungua... leo si kwa mwenye duka. Na wako, dada.

Mkae... mkae mkipokezana. Mungu awa...

Karibuni zaidi. Sitemi mbali.