Gitaa la Nne la Nyumba ya Ombati

Jioni ile, kwenye benchi la Nyamusi muuza kahawa, mkabala na duka la Subhash pale Keroka, gitaa lilikalia nafasi ya mtu. Obwocha alikuwa amelitandikia koti lake na kuliegemeza ukutani, huku yeye mwenyewe amechutama chini kama mgeni. Subhash alimruhusu alitoe nje alitazame vizuri, kwa sharti moja: kabla duka halijafungwa, lirudi bila mkwaruzo au linunuliwe. Lilikuwa la bei ya chini kuliko yote, na bonasi aliyolipwa kwa majani yake ya chai isingefikia jingine. Jumapili Mokeira, binti wa kaka yake, angeolewa, na katika nyumba ya mzee Ombati hakuna binti aliyewahi kuondoka bila kusindikizwa hadi barabarani kwa wimbo wa babu. Kati ya wote waliobaki, wimbo huo alifundishwa Obwocha peke yake. Gitaa tu ndilo hakuwa nalo.

— La kwanza liliisha kwa mchwa, Obwocha alisema. Walianzia shingoni. La pili lilinyeshewa siku ya harusi ya shangazi Bathsheba, likafunguka mgongo. La tatu...

— La tatu tunalijua, alidakia Sylvanus, fundi wa mikokoteni anayeitwa Injinia.

— Ulilikalia.

— Lilikuwa limefunikwa blanketi! Nani hufunika gitaa blanketi?

— Kulikuwa na baridi.

— Sasa ona, Injinia alisema, akilipima gitaa kwa mkono mmoja. Hili ni jepesi mno. Upepo wa kilima cha Nyanchwa utaondoka nalo. Niachie nichomelee vyuma viwili hapa mgongoni.

— Utachomelea mbao?

— Ndiyo maana mgongo nao tutaubadilisha.

— Rudisha chini, bwana, usilikwaruze!

Ongeri, ambaye kwa sababu ya kuuza vinyago vya mawe wamemwita Tabaka, kwa jina la kijiji mawe hayo yanakotoka, hadi jina lake likapotea, alicheka.

— Mnahangaika na mbao za nini? Nitakuchongea la jiwe. Mchwa watang'oka meno. Mvua italiosha tu. Na Injinia akilikalia, atakayepelekwa hospitali ni yeye.

— Litabebwa na nani?

— Nani amesema linabebwa? Linakaa hapo barabarani daima. Maharusi ndio wanaletwa.

Nyamusi alimimina kahawa akitikisa kichwa.

— Nyinyi wanaume mmesahau jikoni kwa mama zenu. Mbegu za mahindi haziliwi na wadudu kwa nini? Moshi! Lipandishe darini, juu ya meko, misimu miwili. Likishuka jeusi, mchwa hata salamu hawatalipa.

— Harusi ni Jumapili, mama.

— Mwambie bwana harusi asubiri. Kama anampenda Mokeira, moshi ni kitu gani?

Injinia aliweka kikombe chini. Alikuwa amepata wazo.

— Huko dukani nimeona sanduku la gitaa, jeusi, lina kufuli. Lile ndilo imara. Nunua lile.

— Na gitaa?

— La nini tena? Watu wataona sanduku, watajua wimbo umefika. Gitaa ambalo halimo litavunjikaje?

Hakuna aliyecheka. Obwocha alishtuka kujikuta akilifikiria jambo hilo kwa dhati. Alilinusa gitaa kwenye maungio ya gundi, akaligonga mgongo kwa kifundo cha kidole, akalichungulia tundu kama anayetafuta kuku aliyeatamia.

Ndipo Mokeira alipotokea kwa fundi cherehani, gauni lake limeviringishwa kwenye gazeti.

— Baba mdogo, ndilo hilo?

— Bado tunalichunguza, mama. Tunataka litakalodumu.

— Basi nianzishie kidogo. Wimbo wa babu unaanzaje?

Obwocha alilipakata gitaa, akaweka vidole. Aliwaona mchwa wakipanda shingoni. Aliuona mgongo ukifunguka mvuani, na Injinia akijishusha polepole juu ya blanketi. Alikumbuka hata mistari ya blanketi lile, myekundu na ya kijivu. Mwanzo wa wimbo haukuja.

— Injinia, alinong'ona, wewe ulikuwepo. Ulianzaje?

— Mimi nilifika ukiisha. Nilikuwa natafuta pa kukaa.

Obwocha alimtazama Tabaka. Tabaka alitazama barabara. Nyamusi aliinamisha birika, likatoa mashapo. Ng'ambo ya barabara Subhash alianza kushusha mlango wa chuma, akaita, "Obwocha! Unarudisha?" Akaita tena. Vidole vya Obwocha vilikuwa bado juu ya nyuzi, vimesimama.

Mokeira aliketi kwenye koti, pale gitaa lilipokuwa, akapakata gauni lake, akangoja.