Sisi Tuliojificha Wageni Walipokuja

Mgeni rasmi, viongozi wa chuo, wachungaji, wanafunzi, na ninyi majirani zetu wa Nanyala,

Jirani mmoja aliwahi kumuuliza mwenzetu Asajile, "Baba Ipyana, kila asubuhi unakwenda chuo. Mwanangu alikwenda, akamaliza, akavaa joho. Wewe mbona humalizi?" Asajile akacheka mpaka akaegemea baiskeli yake. "Mimi nasomea mabati, mama. Ni somo refu."

Tunakukaribisha kwa swali hilo kwa sababu hata humu ndani wapo wasiojua kazi yetu. Umetukuta mstari wa mbele, tumevaa ovaroli. Ukituona tunahangaika mikono tuiweke wapi, utuvumilie. Hatujazoea kusimama hapa, na sababu yake ndiyo risala yenyewe.

HISTORIA YA IDARA

Mgeni rasmi, hapa palikuwa ghala la kahawa. Asajile aliletwa kutoka Isansa, wakati huo bado kijana, afungue mashine ya kukoboa ili ghala ligeuzwe darasa. Alipomaliza alifunga mizigo yake. Mkuu wa kwanza wa chuo akamwonyesha darini, "Fundi, pale panavuja." Akapanda. Aliposhuka akaonyeshwa mlango usiofunga. Baada ya mlango, bomba. Mizigo ile haikurudi Isansa, na idara yetu ikawa imezaliwa, bila mkutano wala utepe wa kukata.

Wengine tulimfuata. Yunisi alitoka milima ya Ileje. Majani ya uwanja huu, uliyoyakanyaga ukiingia, aliyaleta miche kwa miche ndani ya gunia bichi, akishuka na basi kutoka Itumba huku kondakta akimlalamikia, "Mama, gunia lako linakojoa!" Wiliam ni mwashi. Dennis ni wa umeme. Tupo na wengine, wa mifereji, wa rangi na wa usafi wa mabweni.

Mkuu yule wa kwanza alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na neno lake: "Mgeni akimwona fundi, ataanza kutafuta kilichoharibika." Basi ikawa desturi. Gari la wageni likionekana linapanda kutoka barabara kuu, Yunisi anapiga mluzi. Tunakusanya ngazi, toroli na ndoo, tunaingia kwenye mibuni iliyobaki nyuma ya maktaba. Huko tunakaa kimya. Yunisi anatuombea kwa sauti ya chini, bomba lisipasuke mgeni akiwa bado yupo. Mkuu aliondoka, wakaja wengine, desturi ikabaki. Hakuna tena aliyetuamuru. Tulijificha wenyewe, na tulijivunia.

MAFANIKIO

Mafanikio tunayo, tunamshukuru Mungu. Mvua za huku hazina masihara, lakini mihadhara haijahamishwa kwa ajili ya kuvuja. Maji yanafika mpaka bweni la juu.

Mafanikio makubwa ni ya kiangazi hiki. Walikuja wakaguzi wa majengo. Mluzi ukalia, tukajificha vizuri kuliko siku zote. Dennis alikuwa anachungulia kati ya majani.

"Wanafungua bomba," akanong'ona. "Maji yametoka!"

"Na mlango wa maabara?" Asajile akauliza.

"Umefunga wenyewe, baba. Wanacheka. Wanapeana mikono!"

"Inama, kichwa chako kama bendera," Wiliam akamwambia, naye mwenyewe anacheka.

Wageni walipoondoka tuliimba. Asajile, ambaye haimbi, alishika besi.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, changamoto yetu ni mafanikio hayo.

Wakaguzi walizunguka chuo kizima wasimwone mtu na ngazi. Wakasema majengo haya ni imara, yanajitunza yenyewe, hayahitaji idara. Kikiharibika kitu, ipigiwe simu kampuni ya mjini. Muhula huu ukifungwa, idara nayo inafungwa. Bwana utumishi alipotueleza alikuwa anaangalia viatu vyake. Hatumlaumu. Wakaguzi nao hatuwalaumu, waliandika walichokiona.

Asajile ndiye aliyeumia zaidi. Siku ile alikwenda akasimama kwenye mibuni peke yake, akiangalia majengo kama alivyokuwa akiyaangalia tukiwa tumejificha. Akamwambia Yunisi, "Dada, tuliifanya kazi mpaka tukajifuta."

Yunisi akamjibu, "Mungu anaona sirini, kaka. Lakini wakaguzi siyo Mungu. Hao tungewasalimia."

Zipo changamoto nyingine, ngazi fupi na buti kubwa ambazo akina mama wanazijaza matambara. Hizo tumezizoea. Tukibaki, tutazileta siku nyingine.

MAOMBI

Tunaomba, kabla hujapanda gari lako, upite nasi nyuma ya maktaba na juu ya paa la ghala la zamani, uone kazi ikiwa na mikono yake.

Tunaomba idara isivunjwe. Na kama haiwezekani, tunaomba tusitenganishwe. Kampuni ikija, itukute sote na ituchukue sote. Wiliam mguu wake ulivunjikia kwenye paa la bweni, hatembei sawasawa, lakini ukuta anaoujenga umenyooka. Yunisi hakusoma, lakini majani yanamwitikia.

Ombi hili la kutotenganishwa hatukulibuni leo, lilianza kwa Asajile. Juzi bwana wa kampuni alimfuata Asajile karakana, Dennis akiwa pembeni anarekebisha swichi. Akamwambia, "Mzee wangu, wewe usiwe na wasiwasi. Wewe tunakuchukua."

Asajile alikuwa anafunga kitasa. Hakuinua uso. "Na Wiliam?"

"Yule mlemavu? Aa, mzee."

"Na Yunisi?"

"Tuna mashine ya kukatia majani."

"Na huyu kijana?"

"Tuna mafundi wetu. Mzee, nakuletea bahati, wewe unaniletea majina. Kampuni siyo kanisa."

Asajile hana shamba kubwa, na wajukuu anaowasomesha anao. Hayo bwana yule aliyajua, ndiyo maana alitabasamu. Asajile akaweka bisibisi juu ya meza, akachukua kofia yake msumarini, akatoka kuja kwetu.

Mgeni rasmi, Mungu aliyekufikisha salama akulinde njia ya kurudi, aibariki nyumba yako, mlango wake na paa lake, na aulainishe moyo wa kila mwenye kuamua.

Ni sisi, tukiwa wote,
Wafanyakazi wa Idara ya Majengo na Viwanja