Asilimia Tisini Wameridhika

Dereva wa basi la asubuhi alikuwa na macho barabarani na masikio nyuma kwa abiria, maana redio ilikuwa imewachokoza kwa kutangaza utafiti mpya: asilimia tisini ya wafanyakazi wa viwandani wameridhika na kazi zao.

"Waongo wakubwa!" alifoka mshona nguo aliyekaa nyuma yake. "Hao watafiti walifika kiwandani kwetu. Wakaniuliza kama nimeridhika, na msimamizi kasimama pale pale, mikono kiunoni. Ningejibu nini?"

"Ungesema kweli, binti yangu," alisema mzee jirani yake wa kiti, mwalimu mstaafu kwa maneno yake mwenyewe. "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Kweli! Mwenzangu alilalamika kwamba choo kinafungwa kufuli. Kesho yake akazuiwa getini. Mzee wangu, hiyo kweli yako ndiyo itakayowalisha wanangu?"

"Ndiyo maana wanawakanyaga! Kule mnajibu mmeridhika, huku mnakuja kutulilia kwenye mabasi."

Dereva alijikuna shingo. Kila jioni mwenye basi humpigia kuuliza hali, naye hujibu mambo shwari, na breki zinalia kama mbuzi.

"Basi shuka na mimi, ukamwambie msimamizi wewe!" alisema mshona nguo, akiinuka kwa hasira.

Basi likasimama mbele ya kiwanda. Msimamizi alikuwa getini, mikono kiunoni. Mwalimu hakushuka.

"Habari za asubuhi, dada?" aliuliza msimamizi.

"Nzuri sana, bosi," akajibu mshona nguo, meno yote nje.