Mkono wa Mzee Malale

Mzee Isidori Malale, mpiga picha wa filamu, amestaafu tarehe 30 Juni 1996 baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, yote hapa Mpanda. Amepiga filamu ishirini. Hakuna hata moja yenye jina lake.

Alianza mwaka 1965 akiwa na kamera moja na kipima mwanga kimoja. Kipima mwanga kilivunjika mwaka wa pili na kingine hakikuletwa. Malale akabuni njia yake. Kila alipofungua mkanda mpya, alipiga kwanza picha ya mgongo wa mkono wake wa kushoto kwa sekunde tano, kwenye mwanga uleule wa kazi. Mikebe ya mikanda ilikwenda Dar es Salaam kwa treni, na mafundi wa kusafisha filamu waliutazama mkono huo wakajua watu wa huku wana rangi gani. Kabla ya hapo nyuso zetu zilirudi kama mkaa, hazina macho.

Mkono wenyewe haufanani na mwingine. Kidole cha shahada hakina ncha tangu mwaka 1970, kilipobanwa na mlango wa gari la ofisi.

Hakuwa mtu wa haraka. Usevya, mwaka 1974, aliwasimamisha wavunaji wa mpunga mpaka wingu lipite. Mama mmoja, Skolastika, akamwambia, "Baba, wewe unangoja jua, huku ndege wanatumalizia mpunga. Chukua kisu uje uvune." Malale akaweka kamera chini, akavuna karibu saa nzima. Jua lilipotoka alirudi kwenye kamera, na hakuna aliyekuwa akimtazama tena. Hizo ndizo picha bora za filamu ile.

Amefundisha vijana sita. Manyanda, wa kwanza wao, yuko Dar es Salaam na jina lake huandikwa kwa herufi kubwa kwenye filamu. Yeye na wenzake watano bado wanaanza kila mkanda kwa kupiga picha ya mkono.

Wahariri waliukata mkono wa Malale kabla filamu haijaonyeshwa, wakautupa. Hilo halikuwa kosa, mtazamaji hakuuhitaji. Lakini mwishoni waliandika majina mawili tu, la mkuu wa kitengo chetu cha filamu na la mwandishi wa maelezo. Ndivyo utaratibu ulivyokuwa. Mwandishi wa maelezo ndiye anayeandika hapa. Niliona jina langu mara kumi na tisa na sikuuliza lake liko wapi.

Januari mwaka huu Malale aliandika barua akiomba jina lake liongezwe kabla hajaondoka. Hakuwahi kuomba kitu kingine. Alijibiwa mwezi Mei kwamba hakuna kumbukumbu inayoonyesha nani alishika kamera.

Ijumaa tarehe 28 Juni, kwenye hafla ya kumuaga, Bi. Romana, mwendesha projekta wetu, alionyesha ile moja iliyobaki kati ya filamu ishirini: viboko kwenye tope, Sitalike, 1981. Ilirudi kutoka kusafishwa ikasahauliwa kabatini, haikufika kwa wahariri. Ukutani ukatokea mkono. Dereva Ng'washi akaruka kwenye kiti: "Ebo! Si mkono wa Mzee huo! Kidole hicho nilikibana mimi kwa mlango, nyie mmesahau?"

Ukumbi mzima ulicheka, mkuu wa kitengo naye. Kisha akasimama, akasema jibu la Mei halijabadilika, akamkabidhi Malale saa ya ukutani.

Malale alishukuru. Alimwuliza Romana kama ule mkebe una jina. Haukuwa nalo.

Mzee Malale, asante kwa macho uliyotupa. Nenda nyumbani Kasekese ukapumzike, shamba likupe na afya ikae nawe. Mkebe wa Sitalike tumeuandika jina lako kwa wino mweusi. Ile mikebe mingine kumi na tisa haina mkono tena wa kukushuhudia.