Breki Atangaza Amepona Sukari

Pale Mombo, mabasi yanaposimama abiria wanunue mahindi na kunyoosha migongo, nyuma ya vibanda vya matunda kuna benchi refu lenye miguu mitatu na tofali. Mwenye eneo ni Awadhi, muuza kahawa. Wengine wote ni wabunge wasiochaguliwa. Jumanne hiyo Mbaruku, dereva mstaafu wa malori ya mkonge, ambaye watu humwita Breki kwa sababu enzi zake hakuwahi kuzitumia, alifika kijiweni amevaa kanzu. Na mtu anayevaa kanzu Jumanne, ama ana msiba ama ana tangazo.

– Nimepona! alisema kabla hajakaa.

– Umepona nini, uongo? aliuliza Mhina, aliyewahi kulinda geti la zahanati akatoka na cheo cha Waziri wa Afya.

– Sukari! Jana nimepimwa kliniki, imesoma kama ya mtoto mchanga. Ijumaa nachinja mbuzi, dua ya shukrani, mje wote. Jumamosi vidonge naviaga chooni.

Benchi likapiga makofi. Breki aliyapokea yote, ingawa kuna maneno ya daktari aliyoyaacha kliniki kwa makusudi: “Imetulia, mzee. Umepungua mwili, umeacha soda, unatembea. Ukirudia ya zamani, nayo itarudi. Dawa tutapunguza sisi, usijipunguzie.”

– Daktari mwenyewe kasemaje? aliuliza Awadhi akimimina.

– Kasema… imetulia.

– Mwizi naye hutulia akimwona polisi.

– Wewe mimina kahawa! Waziri alimkatiza. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Ndiyo maana wanatoboa kidole, hawatoboi pua. Kidole kikisema umepona, umepona. Ila Breki umebahatisha tu. Dawa yenyewe ni mzizi, uko Kwaluguru, mchungu mpaka mbuzi akiuona anaomba radhi. Uchungu ukikutana na sukari mwilini, ngoma droo.

– Kwa kahawa hii basi, alisema Awadhi, kijiwe kizima mngekuwa mmetibiwa hadi wajukuu.

Stefano, fundi pikipiki aliyejipa jina la Injinia, alifuta oili mikononi.

– Waziri, achana na mizizi. Mwili ni mashine. Kwa nini sukari inaanza na miguu?

– Mishipa ile…

– Mishipa gani! Chai usipoikoroga, sukari inakaa wapi?

– Chini.

– Na chini ya mtu ni wapi?

Benchi zima likatazama miguu yake. Hata Breki alivikunja vidole vyake ndani ya makubazi.

– Sasa lala chali, miguu ukutani, saa nzima. Inakorogeka, unaikojoa, kwisha habari.

– Na ikishukia kichwani je?

– Utakuwa na maneno matamu. Hasara iko wapi?

Waziri hakukubali kushindwa na fundi.

– Sukari ni ugonjwa wa huku bondeni! Joto linaiyeyusha, inazurura. Panda Lushoto wiki mbili tu: kwenye baridi inaganda, inakaa pamoja, haisumbui mtu. Mpanda ngazi hushuka, si ndivyo walivyosema? Wewe unapanda, sukari inashuka!

Dada mmoja aliyekuwa akisubiri gari la kupandisha mlima alisogea na kikapu chake.

– Shikamooni. Samahani, nimesikia mnaongelea sukari. Mimi Yuditha, natokea Soni. Mama yangu anayo mwaka wa sita huu.

– Marahaba, walijibu. Injinia akamgeukia Waziri: Soni si kulekule juu, kwenye baridi?

Waziri alikunywa kahawa kutoka kikombe kitupu.

– Mama amechoka na sindano, aliendelea Yuditha. Kila Jumapili watu wanamletea mti mpya, wanamwambia kuna aliyepona. Mimi huyo mtu sijawahi kumwona.

– Huyu hapa! Breki, simama uonekane!

Breki akasimama. Yuditha alimtazama kuanzia kofia mpaka makubazi, kwa furaha iliyomtisha mzee wa watu.

– Alhamdulillahi… eeh, Mungu mkubwa, mzee wangu. Kwa hiyo nikifika leo nimwambie mama aache sindano?

Breki alifungua kinywa. “Ndiyo” lilikuwa neno dogo, na benchi lote lilikuwa likimsubiri aliseme. Akamwona mama asiyemjua, huko Soni, anaweka sindano kando kwa sababu ya mwanamume aliyevaa kanzu Jumanne.

– Hapana, alisema. Asiache. Ya mama yako huenda si kama yangu. Asiguse chochote mpaka daktari wake aseme. Sawa, mwanangu?

– Sawa, mzee. Asante.

Alinyanyua kikapu, kisha akasita.

– Na wewe, vidonge vyako unaendelea kunywa?

Utingo alikuwa akiita: Lushoto, Lushoto!

– Gari litakuacha, binti.

– Bado linatafuta abiria, mzee. Nasubiri tu jibu nikamwambie mama.

Breki akamtazama Waziri, Waziri akamtazama Injinia, Injinia akaitazama miguu yake. Awadhi aliinamisha birika mpaka mwisho, likatoa tone moja.

– Kahawa imeisha, alisema, na hakuna aliyekuwa ameiomba.