Breki Chini ya Birika

Ubao wa kukalia wa Kwa Mashine uko pale Kamembe, mji wa mpakani unaotazamana na Bukavu, kwenye kona ambapo barabara inamaliza kuwa tambarare na kuanza kushuka ziwani, mbele ya kinu cha unga ambacho hakijasaga kitu tangu mkanda wake ukatike. Juu ya ubao huo hukaa watu watatu wale wale. Yuko Vitesse, aliyewahi kuwa tanboy, utingo wa lori, na sasa ndiye mwenda polepole kuliko wote mtaani. Yuko Avocat, fundi redio, ambaye hakuna kesi asiyoweza kuitetea, hata ya mbwa aliyeiba nyama. Na yuko Mzee Kilo, muuza chumvi, anayeshika mkono wako kukusalimu na papo hapo akakutajia uzito wako. Kahawa ni ya Nasiba, kahawa ya tangawizi, vikombe vidogo, mtoto wake Faida mgongoni. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Uhuru, miaka ile ya themanini, kiangazi, vumbi mpaka kwenye meno, na mji ulikuwa umefungwa kamba kwa ajili ya kile ambacho kipaza sauti kilikiita critérium: baiskeli kuzunguka mji, kupita sokoni, kukata kona ya Kwa Mashine, kushuka mpaka kalavati ya chini, kupanda upande wa pili, na kuanza upya mpaka kengele ilie. Mume wa Nasiba, Mukengere, alikuwa humo ndani. Si mkimbiaji, ni mbeba mizigo, anapakia mihogo na mikungu ya ndizi. Lakini zawadi ya mshindi ilikuwa baiskeli mpya yenye breki za kweli, za waya, mbele na nyuma, na tangu aisikie habari hiyo hakuwa amelala vizuri.

— Banakuja! alisema Vitesse.

Walipita kwa kishindo cha minyororo, shati juu ya shati, na Mukengere alikuwa wa nne, ameinama, baiskeli yake nyeusi imekonda kama kuku aliyenyonyolewa.

— Unaona vile iko mwepesi? alisema Mzee Kilo. Ile chuma ya nyuma, ya mizigo, ilikuwa kilo ine. Ine! Miye njo nilimwambia atoe.

— Wote tulimwambia, alisema Avocat. Usijichukulie peke yako.

— Weye ulisema nini?

— Nilisema règlement, sheria ya mashindano, haikataze. Hiyo njo kazi yangu.

— Na miye nilisema muntu wa kushinda hafinye feri, alisema Vitesse. Breki ni ya batu banaenda sokoni.

Nasiba alicheka nao, kwa sababu wa nne ni wa nne, si mchezo, akainama kumimina. Ndipo alipoona birika lake limekaa juu ya nini. Kigoda chake alikuwa amekiazimisha asubuhi kule jukwaani kwa ajili ya wageni, kwa hiyo alikuwa ameokota kile chuma cha kufungia mizigo, ambacho mumewe alikifungua jana jioni na kukiacha ukutani, akakilaza juu ya mawe matatu, akapanga birika, sukari na vikombe, meza nzuri kabisa. Na nyuma ya chuma, kimefungwa kwa waya, kilining'inia kipande cha tairi kuukuu, kimelika upande mmoja kwa kisigino. Wabeba mizigo wote wa Kamembe wanacho. Breki za kiwandani hufa mwaka wa kwanza, basi unafunga tairi kwenye chuma cha nyuma, na ukishuka unaikandamiza kwa mguu kwenye gurudumu. Hiyo ndiyo breki. Hakuna nyingine. Nasiba alikiona, akakiangalia tena.

— Papa Kilo. Na hii?

Wazee watatu waliinama pamoja.

— Hii ni nini? aliuliza Mzee Kilo, ingawa aliona.

— Ni feri yake. Mulimwambia atoe chuma, akatoa na feri. Sasa anashuka na nini?

Avocat aliigusa ile tairi kwa kidole.

— Na mguu, alisema Avocat. Mukengere ana sandale ya tairi. Tairi juu ya tairi, ni feri ileile. Mwenye akili.

— Njo vile, alisema Vitesse. Hata miye kwa lori…

— Weye kwa lori ulikuwa unalala juu ya magunia.

Nasiba alikuwa amesimama. Alitaka kwenda, akakaa, akasimama tena. Asubuhi Mukengere alikuwa amemshika bega akamwambia: kila tour, kila mzunguko, nikupate pale pale kwa kona, nikikuona nitajua kila kitu iko sawa, usitoke pale. Aende, mumewe aje apite asimwone, ashtuke, aanguke kwa sababu yake? Akae, naye anashuka na kiatu? Akafungua kitenge cha mtoto, akakifunga upya, akafuta vikombe ambavyo vilikuwa vimeshafutwa. Walipopita tena Mukengere alikuwa wa sita, na mguu wake wa kulia ulikuwa umeacha pedali, unaning'inia tayari. Alimwangalia mkewe. Nasiba alifungua mdomo apige kelele, simama, acha, lakini kelele za kona nzima zilimfunika, na mumewe akainama na kujitupa mteremkoni.

— Umesikia ule mpira? alisema Avocat. Ilinukia mpaka hapa. Hiyo ni feri inafanya kazi.

— Maman Faida, ikala chini, alisema Mzee Kilo kwa upole. Unamwaga kahawa.

Zamu iliyofuata walipita kwa makundi, wa kwanza, wa pili, wale wa katikati, wale wanaosukumwa na aibu tu. Kisha vumbi. Kisha mbuzi mmoja akavuka barabara taratibu kama naye amejiandikisha.

— Hajapita, alisema Nasiba.

— Amepita, alisema Vitesse. Alikuwa mbele sana. Tulikuwa tunakunywa.

— Papa Vitesse, miye sikukunywa. Nilikuwa naangalia.

— Basi njo tactique, alisema Avocat. Amejificha kule chini, anapumuzika. Ule mwingine anachoka, anachoka, tour ya mwisho yeye anatokea, fwaa! Nilisikia kwa redio, Bazungu banafanya vile Ulaya.

— Banajificha wapi Ulaya?

— Kuko miti.

Mzee Kilo alitikisa kichwa. Alikuwa akihesabu kitu kwa vidole.

— Mimi naogopa kintu kingine. Tulimutoa kilo ine. Na yeye mwenyewe tangu wiki anakula kidogo. Upepo ya ziwa ikikushika kwa kalavati na weye uko mwepesi vile, haukate kona. Unaenda moja kwa moja.

— Moja kwa moja wapi? alisema Nasiba.

— Njia yenyewe inaenda wapi? Kwa mpaka.

— Voilà! alisema Vitesse, macho yakimwaka. Amefika kwa daraja. Hana feri, atasimama na nini? Douanier, ule wa forodha, anasema leta papier, yeye anasema nitakuletea, aliisha kupita.

— Ule hana kosa, alisema Avocat. Mbele ya sheria, muntu asiye na feri hajavuka mpaka. Mpaka njo ulikuwa kwa njia yake.

— Saa hii aliisha kufika Bukavu, alisema Vitesse.

— Bukavu ni mupando, alisema Mzee Kilo. Itamusimamisha.

— Kwa spidi ile? Atapanda na kushuka ngambo. Mimi nasema Uvira.

Walicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha watu wasiotaka kunyamaza, Nasiba aliona hivyo, aliona Mzee Kilo anavyogeuza kikombe kitupu mkononi bila kukiweka chini. Akawamiminia, kwa sababu mikono ilihitaji kazi, akamimina na kumimina, na masikio yake yote yalikuwa mteremkoni, ambako hakukuwa na chochote, hata filimbi.

Ndipo akaja mama mmoja wa kisiwa cha Nkombo, ametoka kwenye mtumbwi, beseni la dagaa wakavu, sambaza, kichwani. Akalitua kivulini, akaomba kikombe, akakipokea kwa mikono miwili. Alikuwa amesikia mwisho wa maneno.

— Muntu gani amefika Uvira?

Wakamweleza, wote watatu kwa pamoja, chuma, kilo ine, tactique, upepo, douanier. Yeye alisikiliza mpaka mwisho. Akamtazama Nasiba, na mtoto, na kile kipande cha tairi chini ya birika.

— Aa. Na nani ameenda kuangalia?

Vitesse alimtazama Avocat. Avocat, ambaye hakuna kesi asiyoweza kuitetea, alianza kupuliza kahawa yake iliyokwisha poa. Mzee Kilo akaweka kikombe chini.

Nasiba hakungoja. Aliondoa birika akaliweka mavumbini, akamwaga vikombe pembeni, akakibeba kile chuma kichwani kikiwa bado na joto, akapita chini ya kamba. Msimamizi mwenye filimbi alimkemea. Alikuwa ameshashuka. Na katika kushuka aliona kwenye lami michirizi ya mpira, myeusi, mipana, ya zamu ya kwanza. Pembeni yake mingine myembamba. Na karibu na kalavati mmoja mfupi ambao haukuwa mweusi. Hapo ndipo alipoanza kukimbia, ya Rabi, ya Rabi, mtoto akirukaruka mgongoni na kufurahi.

Mukengere alikuwa amekaa ukingoni mwa mtaro, mguu ndani ya maji, baiskeli imelala majanini. Mzima. Mkononi alishika sandale, akilitazama ziwa kupitia tundu la soli.

— Nilikuambia usitoke pale, alisema.

— Ndiyo. Uliniambia.

— Kiatu kimeisha, alisema, kama mtu anavyosema chumvi imeisha. Nikaweka kisigino.

Nasiba alitaka kumpiga. Alitua chuma, akachutama, akautoa ule mguu majini, akautazama, akafungua kilemba chake akaufunga.

— Juu ya nini haukusimama tour ya kwanza?

— Nilisema tour ya pili nitasimama kwa kona. Nikakuona unacheka. Nikasema, kama bibi yangu anacheka, miye naogopa nini?

— Hiyo ya kwanza nilicheka, alisema Nasiba. Ya pili nilikuwa napiga kelele.

Mukengere aliitupa sandale majanini.

— Meno ilikuwa ileile, alisema.

Walikifunga chuma mahali pake kwa kamba za mpira, tairi ikaning'inia juu ya gurudumu. Mguu haukuweza kukanyaga pedali, wala ardhi. Basi Nasiba akamkalisha nyuma kama mzigo, mikono ya mumewe ikashika kiti, na yeye akashika usukani, mtoto mgongoni, akaanza kusukuma kupanda. Baiskeli ilikuwa nzito kama dunia. Watu kwenye kamba waliwaangalia, wengine wakapiga makofi, kipaza sauti kikatangaza mshindi ambaye hakuna aliyemgeukia. Katikati ya mwinuko gurudumu lilianza kurudi nyuma. Halafu baiskeli ikawa nyepesi.

Akageuka. Nyuma ya chuma, kofia imepinda, shati limetoka nje, Vitesse alikuwa anasukuma, na nyuma yake Avocat, na Mzee Kilo amemshika Mukengere mgongoni asianguke, wote wanahema, na hakuna aliyesema uzito wa mtu.

Kwenye ubao Nasiba alimkalisha mumewe, akaliinua birika ampe kitu cha moto. Akaliinamisha. Akalitikisa. Halikutoa hata tone.

Mama wa Nkombo alikuwa bado pale, karibu na beseni lake. Akanyoosha mikono miwili. Kikombe kilikuwa kimejaa, kimepoa.

— Chukua, alimwambia Mukengere. Sikukunywa. Nilikuwa nangojea banijibu.