Umri wa Kuongezewa

Rosa hakutega sikio. Kwenye pantoni ya Kitunda maneno ya jirani hukufuata yenyewe. Mbele yake kijana mmoja alikuwa akimweleza bibi wa pembeni yake kazi ya ofisini kwao. Walikuwa na kompyuta iliyofundishwa kupekua makundi ya simu, kuligonga kila tangazo muhuri wa kweli au uzushi, kisha kuufuata uzushi hadi ulikoanzia. Bibi alipojitaja kuwa ni Zakia binti Kondo, kijana akamgeukia.

“Tangazo la kifo chako tumeligonga uzushi mara tatu, bibi. Mara zote lilianzia kwenye simu yako.”

“Nilikuwa naumwa,” bibi alijibu bila haya. “Hujui kwamba anayezushiwa kifo huongezewa umri? Nilipona mara zote tatu.”

Kijana alicheka. Rosa, ambaye mumewe alikuwa amelazwa Lindi, hakucheka. Alikuwa anapiga hesabu zake.

“Na hizo siku za nyongeza zinatoka wapi, bibi?” kijana aliuliza.

“Hilo sijaliuliza. Wewe jina lako kamili nani, mjukuu wangu?”

“Rehani Nassibu.”

Bibi akabonyeza simu yake polepole, herufi moja moja, midomo ikimchezacheza. “Nimekuongezea na wewe,” alisema. “Una adabu.”

Pantoni ikagusa ng’ambo, injini ikazimwa. Simu ya Rehani ikatetema. Rosa alichungulia begani kwake: kompyuta ilikuwa imenasa tangazo la msiba wa Rehani Nassibu, na chini yake imegonga muhuri.

Kweli.